Nani Atazihifadhi Nyimbo za Makuli wa Kilindini?

Mwezi uliopita nilikwenda Mombasa kwa maziko ya jamaa yetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hitima ilipokwisha nikajikuta nina nafasi ya nusu siku kabla ya kurejea Malindi, na miguu ikanipeleka upande wa Shimanzi, kwenye mabohari ya mizigo ya reli ya zamani, karibu na gudi la Kilindini. Sikuwa nimekanyaga pale kwa miaka mingi. Bohari nililolitaka nililiona, ingawa ilinibidi nisimame kidogo ili niwe na yakini kwamba ndilo. Mlango wake mkubwa wa mabati umefungwa kwa mnyororo, nyasi zimeota baina ya mataruma, na juu ya jukwaa la kupakulia mizigo, mahali ambapo zamani hungeweza kutia mguu bila ya kufokewa, mbuzi wawili walikuwa wamelala kivulini.

Mara ya kwanza kufika hapo ilikuwa mwaka 1982, nikiwa mtoto wa miaka 12. Mjomba wangu alikuwa na duka la vyakula Malindi, na magunia yake ya maharagwe yalikuja kwa reli kutoka bara. Tuliondoka alfajiri kwa basi, tukasubiri kivuko cha Kilifi saa nzima (daraja lilikuwa halijajengwa bado, lilifunguliwa mwaka 1991), tukafika Mombasa jua limekwisha kupanda. Naikumbuka harufu ya mahali pale kuliko sura yake: kahawa mbichi, ngozi, magunia ya katani, mafuta ya mashine na jasho la watu. Karani alikaa penye mizani, penseli sikioni. Na makuli walikuwa wakienda mbio fupi fupi, gunia begani, kutoka ndani ya behewa mpaka kwenye rundo, huku mmoja akitoa wimbo na wengine wakiitikia.

Walipofika kwenye magunia yetu, yule mtoaji alimtazama mjomba, mtu mwembamba mwenye kanzu iliyotakata na mwavuli mkononi, akatunga papo hapo. Akaeleza habari ya tajiri mwembamba aliyekuja na mtoto wa kuhesabu, asije kuli akamla hata harage moja. Wenziwe wakaitikia kwa kishindo. Mjomba, ambaye nyumbani hapakuwa na mtu wa kuthubutu kumfanyia mzaha, alicheka mpaka mwavuli ukamponyoka, kisha akatoa pesa za kahawa kwa wote. Mimi nilirudi Malindi nimeuhifadhi ubeti mzima. Leo nimebakiwa na lile neno la kuitikia tu, na lile harage. Maneno mengine yamekwenda zake, nami najidai kuwa mtu wa mashairi!

Hilo ndilo linaloniandikisha haya.

Ng'ambo ya barabara yuko muuza kahawa, na kwenye benchi lake nilimkuta mzee mmoja wa makamo ya miaka 80 au zaidi.

"Shikamuu, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotewa na nini huko kwenye nyumba ya popo?"

Nikamwambia nimekuja kulitazama bohari tu. Akalipeleka jicho kule kwa mbuzi, akanirudia.

"Hilo bohari limekula mgongo wangu huu miaka 26. Nawe waja kulitazama bure?"

Nikamnunulia kahawa na kashata, tukazungumza. Kumbe ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa upande wa Kaloleni. Aliniimbia nyimbo mbili kwa sauti ya chini, akipiga gundi la mguu kwa kiganja. Ya tatu alikataa. Alisema maneno yake si ya mtu mwenye udhu, na adhuhuri imekaribia.

Huenda msomaji wa Malindi au wa Mambrui akauliza: bohari la reli la Kilindini latuhusu nini sisi, ambao reli kuu haikupata kupita kwetu? Ni kweli kaunti yetu ya Kilifi ina Mazeras na Mariakani, ambako reli hiyo ilipita, lakini huko ni bara kidogo. Watu wa ufuoni walikuwa wakisikia habari ya garimoshi kama wasikiavyo habari ya theluji. Hata hivyo mimi nasema latuhusu sana, tena tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1895 alifariki Sheikh Salim bin Khamis, mkubwa wa Mazrui wa Takaungu. Waingereza wakamuunga mkono Rashid bin Salim akae mahali pa babake, na wengine katika ukoo wakakataa. Vita vikatoka Takaungu vikafika Gazi, vikachoma miji na mashamba ya pwani. Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekuwa amewapa taabu wakubwa wa Unguja miaka mingi kabla ya kuwapa taabu Waingereza, alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Haukutimia mwezi wa pili. Tarehe 30 Mei 1896 chuma cha kwanza cha reli ya Uganda kikatandikwa Kilindini. Sisemi kwamba vita vile vilipiganwa kwa ajili ya reli. Nasema tu kwamba reli ilitandikwa juu ya pwani ambayo wenye kukataa walikuwa wamekwisha kuondoshwa.

Kabla ya hapo Malindi ilikuwa ghala. Tangu mji ulipofufuliwa zama za Sayyid Majid, mnamo mwaka 1861, mtama na ufuta wa mashamba yake ulijaza majahazi yaliyokwenda Unguja na Arabuni. Haki isemwe: nafaka ile ililimwa na watumwa, na watumwa walipotoka, na sheria ya mwaka 1907 kumaliza jambo lenyewe, mashamba mengi yalirudi msitu. Kwa hiyo asije mtu akanisingizia kuwa nasema reli peke yake ndiyo iliyoiua bandari ya Malindi. Lakini reli ilipoanza kuikusanya shehena ya nchi nzima na kuimwaga mahali pamoja, nahodha wa safari ndefu hakuwa tena na sababu kubwa ya kutia nanga kwetu. Ufuta wetu ukaenda Mombasa. Baadaye vijana wetu wakaufuata.

Tena hawakuufuata wote kwa ridhaa. Mwaka 1913 Wagiriama waliposimama kumkataa Mwingereza, Mekatilili wa Menza akiwa mbele, miongoni mwa waliyoyakataa ni vijana wao kuchukuliwa kazini mbali na kwao. Mzee wangu wa pale kwenye kahawa alizaliwa miaka mingi baada ya hapo. Yeye alikwenda kwa miguu yake, kwa sababu kulikuwa na kodi, na mahari, na mvua mbili zilizokosekana. Ndugu zetu wa Hadhramaut nao walikuwapo, wale tuliowaita Washihiri, ambao wengi wao walianza maisha ya Mombasa kwa uhamali na kuuza kahawa kabla ya kuwa na maduka.

Waliotandika reli yenyewe wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, karibu watu 32,000, na kiasi cha 2,500 walikufa kazini. Wengi wao walikuwa Waislamu wa Punjabi. Mmoja wao twamjua, Sayyid Baghali Shah, ambaye kaburi na msikiti wake viko kando ya reli pale Mackinnon Road, na wasafiri wa barabara kuu husimama kuswali na kumsomea. Inasimuliwa kwamba karai la kokoto alilobebeshwa lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila ya kukigusa. Nimewasikia makuli wa Mombasa wakilitaja karai hilo kwa kumwonea tamaa Sayyid, na nani awalaumu?

Garimoshi lilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Hapo mwanzo meli zilitia nanga katikati ya kilindi na shehena ikaletwa ufuoni kwa matishari. Gati mbili za kwanza za maji makuu zilikuwa tayari mwaka 1926, na hapo ndipo bohari lilipokuwa bohari. Kamba ya winchi inainua fungu kutoka tumboni mwa meli, inaliteremsha gatini, watu wanalivunja gunia kwa gunia na kasha kwa kasha, wanaliingiza ndani, karani anahesabu, afisa wa forodha anapiga muhuri, watu wale wale wanalibeba tena mpaka kwenye behewa. Na pamba ya Uganda, kahawa ya bara na magadi yalikuja kwa njia hiyo hiyo, yakielekea upande wa pili. Kila kitu kilichoingia au kutoka katika nchi hizi kilipitia begani mwa mtu mara mbili au tatu. Hesabu wewe mwenyewe.

Mtu huyo alikuwa kibarua wa kutwa. Alfajiri alisimama mlangoni; akichaguliwa akala, asipochaguliwa akarudi nyumbani. Tarehe 13 Januari 1947 watu wa gudi na wa reli waliweka kazi chini, na mji mzima ukawafuata, kiasi cha watu 15,000. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu kama siku 12, gudi limenyamaza kimya. Chege Kibachia, aliyekiongoza chama cha wafanyakazi kilichozaliwa na mgomo ule, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo akatiwa kizuizini. Watoto wetu shuleni husoma habari za vita vya msituni, na ni wajibu wasome. Lakini ni wangapi wa Mombasa kwenyewe wanaoweza kukuonyesha kile kiwanja kilikuwa wapi?

Nami sasa nifike kwenye jambo la lugha, kwani huo ndio ugonjwa wangu. Kila Mkenya hulitamka neno "Harambee", na liko kwenye nembo ya taifa. Mzee Jomo Kenyatta alilifanya la siasa mwaka 1963, lakini hakulizua. Lilikuwa neno la watu wanaovuta na kusukuma: mabaharia wakipandisha foroma, watu wakikokota mashua ufuoni, makuli wakisukuma behewa lililokwama. Mmoja huita, wote huitika kwa pamoja, na nguvu hutoka kwa pamoja. Siku hizi wako wanaodai kwamba neno hili ni la ibada ya Kihindu, ati lililetwa na wajenzi wa reli, na kwa hivyo mwenye dini yake asilitamke. Hoja hiyo mimi siikubali. Lakini naiona ilikotoka. Neno likikatwa na wimbo wake, na wimbo ukikatwa na kazi yake, mtu yeyote aweza kuliokota njiani akalipa baba amtakaye.

Unguja wana mfano wa namna hiyo. Mwaka 1905 kampuni moja ya Wamarekani ilijenga reli ndogo kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, mpaka Bububu, masafa ya maili saba. Serikali iliinunua mwaka 1911. Abiria walikoma mwaka 1922, na katika miaka yake ya mwisho reli ile ilikuwa ya mizigo tu, ikichukua mawe ya kujengea bandari mpya. Bandari ilipokwisha, nayo ikang'olewa. Leo ukipita huioni. Kilichobaki ni hadithi wanayoambiwa wageni, kwamba mji uliitwa Bububu kwa mlio wa garimoshi. Nayo si kweli! Bibi Salme binti Said, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886, alikwisha kulitaja shamba la Bububu ambako aliishi, na wakati huo reli hiyo haijaotwa hata ndotoni. Basi angalia: reli imepotea, walioibebea mawe hatuwajui hata mmoja, na lililosalia mdomoni ni kosa.

Nani aliyelifunga bohari letu? Ukiuliza Mombasa utajibiwa haraka: ni reli mpya. Ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, ikiwateremsha Miritini badala ya mjini, na mizigo mwaka 1018 ... la, kalamu imeteleza, mwaka 2018. Mwezi wa Agosti 2019 ikaamriwa mizigo ya bara ipelekwe kwa reli hiyo mpaka Nairobi ikatolewe huko, na watu wa Mombasa, wenye malori, mawakala wa forodha, wenye mikahawa ya njiani, wakawa wakiandamana kila Jumatatu, mpaka Oktoba amri ikasimamishwa. Siku ya kuapishwa kwake, tarehe 13 Septemba 2022, Rais William Ruto akaagiza shughuli hiyo irudi Mombasa. Uchungu wa watu ulikuwa wa haki, nami niliwaunga mkono.

Hata hivyo bohari lilikuwa limekwisha kuugua zamani. Aliyelitia sumu ni kontena. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 katika meli moja kutoka Newark kwenda Houston, na tangu siku hiyo kuli wa kila bandari duniani alikuwa akihesabiwa siku zake, hata kama yeye mwenyewe hana habari. Kontena halifunguliwi gatini. Halitaki bega, wala karani mwenye penseli, wala wimbo. Bandari kavu ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1984, miaka miwili tu baada ya mjomba kuchekwa, kazi ya bohari ilikuwa imeanza kuhamia mahali pengine. Mzee wangu alilieleza kwa maneno machache kuliko yangu. Alisema siku moja walikuwa ishirini kwenye behewa, siku nyingine wakawa wanne wakitazama kreni.

Huko Manchester, Uingereza, liko bohari la mizigo la mwaka 1830, la reli ya kwanza ya miji miwili inayotumia garimoshi. Stesheni ile ilipofungwa mwaka 1975 hawakuivunja. Mwaka 1983 ikawa makumbusho, na watoto wa shule wanaingia na kugusa zile mbao. Sisi tuna makumbusho ya reli tangu mwaka 1971, lakini iko Nairobi. Reli ilianzia Kilindini, na kumbukumbu yake tukaipeleka mwisho wa siku moja ya safari! Mombasa tuna Ngome ya Yesu, makumbusho tangu mwaka 1960, na humo utaona mizinga ya Mreno, vyombo vya China na milango ya matajiri. Bega lililobeba vyote hivyo halimo.

Nimekwisha kusikia jawabu la baadhi ya vijana wetu. Husema: hilo ni jengo la mkoloni, wazee wetu walinyonyeshwa jasho humo, libomolewe pajengwe kitu cha kutupa kazi. Sina la kubishana nao juu ya kazi. Lakini jengo la mkoloni ni mabati na matofali tu. Yaliyoimbwa humo hayakuwa ya mkoloni hata siku moja. Mkoloni hakuyasikia, na lau angeyaelewa baadhi yake angewafukuza waimbaji. Mimi naomba bohari moja, si yote. Mzani wake, behewa moja, na chumba chenye sauti za wazee zilizorekodiwa. Yanayobaki wajenge watakavyo.

Na sauti hizo haziwezi kungoja ruhusa ya ardhi. Tunayajua mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyatafuta vifuani mwa watu, na W. E. Taylor akayaandika naye, kabla wenye kuyahifadhi hawajakwisha. Lau wangechelewa miaka ishirini, Muyaka angekuwa jina tu. Chuoni tuliandikia ubao kwa wino wa masizi, na jioni ubao ukaoshwa; mwalimu hakujali, kwa sababu alikuwa na hakika ya vifua vyetu. Makuli nao walisoma namna hiyo hiyo, mmoja akitoa na wengine wakifuata. Tofauti ni kwamba nyuma yao hapana chuo kilichoendelea.

Nilirudi kwa mzee wangu Ijumaa iliyofuata, safari hii na daftari. Alinipa nyimbo saba. Mbili ni za magunia, moja ni ya mbao, moja ni ya kusukuma behewa, na tatu ni za kumsema karani. Ile iliyomshinda kwa udhu bado hajanipa, lakini ameniahidi kuwa atanitafutia maneno yake mengine yaliyo safi. Nilimuuliza juu ya tajiri mwembamba na harage lake. Alifikiri kidogo akasema kwamba matajiri wembamba walikuwa wengi.

Kwa hivyo, wasomaji wapenzi wa Malindi, Mambrui, Gongoni, Takaungu, Kilifi na Mtwapa, ikiwa nyumbani kwenu yuko baba, babu au ami aliyefanya kazi ya reli au ya gudi, mketieni leo jioni na mumwombe wimbo mmoja. Uandikeni alivyousema, hata kama hauna vina. Andikeni pia jina lake ikiwa ameridhia, mwaka alioanza kazi, na ulikuwa wimbo wa mzigo gani. Mleteeni mhariri wa ukurasa huu, naye atanipa.